Timu ya Amani na Nahodha Wake Suleiman Kangangi: Kumbukumbu Kutoka Tarakea

Atakayesimama Tarakea, katika ncha ya wilaya ya Rombo, akaupa mlima mgongo na kuelekeza uso wake kaskazini, ataiona nchi ya Kenya imetandazwa chini yake, Illasit na Loitokitok kwa karibu, na mbali zaidi nyanda za Amboseli ambazo wakati wa kiangazi hufuka vumbi jeupe. Naye akiwa ni mgeni atastaajabu kuambiwa kwamba watu wanaouziana maharagwe, viazi na ndizi katika masoko yale yale, na kuoana, na kuzikana, wametenganishwa na mstari ambao Waingereza na Wajerumani walipatana juu yake mwaka 1886 wakiwa mezani kwao Ulaya, mstari uliotoka pwani ukiwa umenyooka, kisha ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro na kuuacha mlima wote upande wa kusini. Iko hekaya inayopendwa sana ya kwamba Malkia Victoria aliutoa mlima huu kuwa hidaya kwa mjukuu wake Kaizari. Hekaya tamu, lakini haina msingi, kwa kuwa mjukuu huyo alikuwa bado hajaketi juu ya kiti cha enzi wakati mpaka ulipokatwa. Nayatanguliza haya ili msomaji asishangae kuiona kalamu ya Tarakea ikishughulika na historia ya timu ya waendesha baiskeli ambayo maskani yake ni Iten, katika nyanda za juu za Kenya, na ambayo nahodha wake wa kwanza alifia Marekani. Huku kwetu habari za ng'ambo ya pili ya mpaka hatukuzihesabu kuwa habari za ugenini hata siku moja, wala hata mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, watu hawakuacha kuamkiana. Mizigo ilipita kwa njia za panya, vichwani mwa kina mama, migongoni mwa punda, na juu ya keria za baiskeli.

Baiskeli kwetu ilikuwa chombo cha kazi. Mkulima wa kahawa aliyelipwa fedha zake na chama cha msingi aliinunua kwa fahari, akaifunga vitambaa na kengele, akaitumia kupeleka mkungu wa ndizi sokoni, kumpeleka mgonjwa zahanati, na kumpakia bibi harusi. Na kwa sababu ya mteremko wa nchi yetu, safari yake aghalabu ilikuwa nusu ya kupanda baiskeli na nusu ya kuikokota. Mtu aliyesema kwamba kijana anaweza kujipatia riziki kwa kuendesha baiskeli kwa kasi, bila ya mzigo nyuma wala abiria, angesikilizwa kwa adabu, kisha angeulizwa kama hana kazi nyumbani kwao. Kwa hiyo historia ya timu yo yote ya mbio za baiskeli katika Afrika ya Mashariki lazima ianze na wale waliovumilia swali hilo kabla ya kuwapo mshahara, wafadhili wala kamera.

Wa mbele wao katika Kenya ni David Kinjah, mwalimu mwenye nywele za msokoto, ambaye mwaka 2002 alisajiliwa na timu ya Kitaliana, jambo lililokuwa halijasikika kwa Mkenya mweusi, na ambaye hakujenga kasri bali aliwafungulia watoto wa mji wa Kikuyu, nje ya Nairobi, kijumba chake cha mabati huko Mai-a-Ihii, wawe wanajifunza kufungua gurudumu, kukaza breki, kuunga mnyororo na kuendesha kwa kundi. Katika watoto waliopita mikononi mwake alikuwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985, aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, chini ya bendera ya Uingereza. Dunia ilimpigia makofi Froome; lakini watu wa kwetu wenye kufikiri walijiuliza swali chungu, kwamba ikiwa chuo ni kile kile, na mwalimu ni yule yule, na vilima ni vile vile, mbona aliyefika Paris ni mmoja tu, tena ni yule aliyekuwa na njia ya kuondoka?

Swali hilo lilimkaa moyoni pia mpiga picha mmoja wa Singapore, Nicholas Leong, aliyewatazama Wakenya wakitawala mbio za miguu na kustaajabu kuwa mapafu yale yale hayaonekani juu ya baiskeli. Alikuja Kenya, akaweka kambi Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 2,400, ambako wakimbiaji wa dunia nzima huenda kujifua, naye akaanza kuwatafuta vijana mahali ambapo mabwana wa michezo hawatafuti. Mwaka 2011 aliwachukua wawili mpaka Ufaransa, Zakayo Nderi aliyekuwa akipiga watu viatu rangi, na Samwel Mwangi aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli, akawaweka chini ya Alpe d'Huez, mlima wa kilomita 13.8 wenye kona 21 ambao mashujaa wa Tour de France wameupanda tangu mwaka 1952. Na Nderi akafika juu kwa dakika 42 na ushei, muda ambao ungemweka katika kundi la wenye kulipwa. Kwa jaribio hilo timu ya Leong, Kenyan Riders, ikapata hoja yake. Kilichobaki ni kazi ngumu zaidi ya kupanda mlima, nayo ni kumfundisha mpandaji huyo kuteremka, kukata kona, kujificha nyuma ya mwenzake upepo unapovuma, na kula kwa saa. Mambo ambayo kijana wa Ubelgiji huyapata tangu utotoni, na wa kwetu huanza kuyasoma akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Kenyan Riders ilionja mauti mapema. Novemba 2014, katika mashindano ya Matabungkay nchini Ufilipino, mwendeshaji wake John Njoroge Muya aligongana na mtazamaji, naye akafariki. Wale wanaouona mchezo huu kuwa ni mwendo mzuri wa rangi na matangazo hawana budi kukumbuka kwamba kati ya nyama ya mwendeshaji na mawe ya barabara hamna kitu ila kitambaa chembamba na kofia ngumu, na kwamba wenzake Njoroge walirudi Iten, wakapanda baiskeli zao, wakaendelea. Mmoja wa wale wa kizazi hicho alikuwa Suleiman Kangangi, mwana wa Eldoret, ambaye wote walimwita Sule.

Kangangi hakuwa kijana wa miujiza aliyeng'aa mara moja. Maisha yake ya mbio ni maisha ya mtu aliyepanda ngazi moja baada ya moja, na kila ngazi ikimgharimu. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow mwaka 2014. Akaendesha katika Kenyan Riders Downunder, timu iliyounganisha Wakenya na Waaustralia. Na mwezi wa Novemba 2017, katika mashindano ya kuizunguka Rwanda, nchi ambayo haina kilomita iliyolala sawasawa, akamaliza wa 3 katika hesabu ya jumla, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda aliyeshinda na Metkel Eyob wa Eritrea. Anayeijua Rwanda atalipima vizuri daraja hilo. Baadaye alichukuliwa na BIKE AID ya Ujerumani, timu ya aina ya peke yake, iliyotokana na jumuiya ya hisani, yenye desturi ya kuwapa nafasi Waafrika wakati timu tajiri zilipokuwa bado zinajadiliana kama Mwafrika anaweza.

Huko Ulaya ndiko alikoona kwa macho yake jinsi mlango ulivyo mwembamba. Mwendeshaji wa Ubelgiji anayeishi karibu na uwanja huweza kushindana mara kadhaa kwa mwezi kwa nauli ya gari moshi; mwenzake wa Eldoret au wa Kampala hana budi kuomba viza, kuonyesha akiba ya benki ambayo hana, kulipia ndege, kisha kufika akiwa amechoka na kushindana mara moja na watu ambao mchezo wenyewe ni sehemu ya ujirani wao. Akishindwa huambiwa kwamba Waafrika hawajawa tayari. Madhali mashindano ndiyo shule ya mshindani, na shule yote iko bara jingine, hata kipaji kilicho kikubwa namna gani hubaki mlangoni kikipigwa na jua. Kangangi alilifahamu jambo hili kuliko wengi wetu tunaoliandika, maana alilifahamu kwa miguu. Na fahamu hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kujenga taasisi badala ya kuwa mtu wa kujitafutia jina.

Timu ya Amani ilizaliwa kutokana na kukutana kwa watu kama yeye na Mikel Delagrange, mwanasheria Mmarekani aliyefanya kazi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague na ambaye kazi yake ilimfikisha Afrika ya Mashariki mara kwa mara akiwa na mapenzi ya baiskeli. Kikosi cha mwanzo kilichukua jina la Black Mamba, jina ambalo Wakenya huiita ile baiskeli nyeusi nzito ya kubebea mizigo, ya aina ambayo huku kwetu wazee waliiita Foniksi hata kama si Foniksi. Na nadhani waliolichagua jina hilo walijua wanachofanya, kwa kuwa hawakutaka kuona haya juu ya keria waliyotoka. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege na kusimamisha mashindano, Amani iliona tundu pale wengine walipoona ukuta. Baiskeli ilifungwa juu ya mashine inayopima nguvu za miguu na kuzipeleka katika programu ya Zwift, na kijana aliyekuwa chumbani Kenya au Uganda akashindana dakika ile ile na Mzungu aliye chumbani kwake, bila ya viza, bila ya nauli, na bila ya mtu wa kumwuliza anakwenda kufanya nini na atarudi lini. Mapafu ya Iten yakaonekana katika tarakimu. Sijui kama uko ushahidi mwingine uliotolewa kwa wepesi kama huo, wa kwamba kilichokuwa kikipungua kwetu ni fursa.

Lakini mtu hawezi kuishi chumbani, wala mwendesha baiskeli hakuumbwa kutazama ukuta. Hatua ya pili, ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo moyo wa historia hii, ni kugeuza njia ya msafara: badala ya kupeleka vijana wachache Ulaya kwa gharama kubwa, Ulaya na Amerika zije hapa. Mwezi wa Juni 2021 Amani ilifanya kwa mara ya kwanza mbio za Migration katika nchi ya Masai Mara, siku 4, kilomita zipatazo 650, juu ya barabara za vumbi, mawe na mifereji iliyokauka, washindani wakilala katika mahema na wenye mifugo wakisimama kando kuwatazama. Mataifa ya mbali yalituma wenye majina. Lakini safari hii waliopanda ndege walikuwa wao, walioshindwa kulala kwa sababu ya mwinuko walikuwa wao, na waliouliza kama njia ina matope walikuwa wao. Mwaka uliofuata mbio za pili, zilizoitwa Evolution, zikafanywa katika ardhi ya Tanzania. Hivyo ile barabara mbovu ambayo kila mgombea udiwani huahidi kuiondoa, ikawa ndiyo mali iliyowavuta wageni.

Nakiri kwamba watu wa Tarakea, mimi nikiwa mmoja wao, tulishangilia sana lami ilipotufikia kutoka Marangu na Mkuu. Nani aliyekaa saa nyingi katika basi lililokwama wakati wa masika asiyeshangilia? Lami ilileta gari la wagonjwa, ikaleta bei nzuri ya viazi. Ila haikutupitia akilini kwamba ile mikondo iliyobaki juu ya lami, inayopanda kuelekea Nalemoru na msitu wa Rongai, na ile inayoshuka kwa wafugaji katika nchi kavu ya mpakani, ni kitu ambacho mtu wa Colorado angetoa fedha kukiendesha. Kangangi aliyaona hayo mapema. Mchezo wa baiskeli za njia ya changarawe, zenye matairi mapana kuliko ya lami na membamba kuliko ya milimani, ulikuwa mchanga hata huko ulikoanzia, haukuwa na makabaila wake wa karne, na ndani yake Mwafrika aliweza kufika wakati milango ilikuwa bado inatengenezwa. Ndipo akawaongoza wadogo zake kutoka Kenya, Uganda na Rwanda, wanaume kwa wanawake, Nancy Akinyi akiwa miongoni mwao, katika safari za kushindana Marekani. Akiwa nahodha, na akiwa na umri ambao mshindani huanza kufikiri zaidi juu ya wale atakaowaachia kuliko juu ya ushindi wake.

Jumamosi ya tarehe 27 Agosti 2022, katika mbio za Vermont Overland, kilomita zipatazo 95 za njia za mashambani na misituni kaskazini mashariki mwa Marekani, Kangangi alianguka akiwa katika mwendo wa kasi, na akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Tangazo la timu lililopeleka habari hiyo duniani lilimtaja kuwa nahodha wao, rafiki na ndugu. Kisha likaongeza kwamba alikuwa pia baba, mume na mwana.

Nimeyatafakari sana maneno hayo matatu ya mwisho, kwa kuwa katika historia za taasisi huwa hayana ukurasa. Tukiandika juu ya chama cha ushirika, tutamtaja mwenyekiti wa kwanza. Tukiandika juu ya shule, tutamtaja mwalimu mkuu na askofu aliyeweka jiwe. Na katika historia ya timu tutahesabu vikombe. Lakini mtu wa Rombo, ambako kwa vizazi vingi wanaume wameondoka kwenda Moshi, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kutafuta fedha, na wanawake wakabaki kukitunza kihamba, yaani shamba la nyumbani, kupalilia migomba, kukata majani ya ng'ombe, kuwapeleka watoto shule na kuwazika wazee, mtu huyo hahitaji kuelezwa kwamba safari ya mume ni kazi ya mke. Mwendesha baiskeli wa kwetu huamka alfajiri na kwenda kilomita mia na zaidi, akarudi hana nguvu ya kuinua jembe. Hula chakula kingi kuliko fundi seremala, na huleta fedha kwa nadra kuliko fundi seremala. Huondoka mwezi mzima, akapiga simu usiku kwa sababu saa za huko haziendani na za hapa. Kila siku ya mazoezi yake imelipiwa na mtu aliyekubali kuibeba nyumba siku hiyo. Ikiwa taasisi imejengwa juu ya miguu ya mwanamume mmoja, miguu hiyo imejengwa juu ya mgongo wa mtu mwingine, ambaye jina lake halimo katika orodha ya wafadhili.

Kangangi aliacha mke na watoto. Si haki yangu kuingia katika nyumba yao wala kueleza huzuni ambayo ni yao. Mila zetu zimeweka kizingiti pale, na mwandishi mwenye adabu husimama nje akatoa pole. Ila ni haki ya kila mmoja wetu kusema kwamba kumkumbuka mume wa mtu kwa kuvaa fulana yenye picha yake ni kumbukumbu nyepesi, ikiwa wale walioshiriki kumtoa hawakushirikishwa katika kilichopatikana. Michango ilifanywa katika nchi nyingi kuisaidia familia yake baada ya msiba, na waliotoa wengi hawakuwahi kumwona; jambo hilo lina heshima kubwa. Hata hivyo mchango ni rehema ya msimu. Mwendesha baiskeli anayetumwa kushindana ng'ambo anastahili bima iliyoandikwa kabla ya safari, mkataba ambao mkewe ameusoma au amesomewa, na mtu mmoja katika ofisi ya chama ambaye kazi yake ni kujua nani apigiwe simu kwanza. Vyama vyetu vya michezo, vya pande zote mbili za mpaka, vina kamati za mapokezi ya washindi uwanjani. Ningependa kuona na kitabu chenye majina ya wale waliobaki nyumbani.

Katika nchi ya Wachaga mfongo, yaani mfereji wa maji, hujulikana kwa ukoo wa aliyeuchimba, na ukoo huo hupewa taadhima yake. Lakini siku ya kuzibua mfongo, anayekosa kutoka na jembe hapewi zamu ya maji hata akiwa ni mjukuu wa mchimbaji. Timu ya Amani, kwa niionavyo, iliuelewa msiba wake kwa namna hiyo. Haikufunga mlango baada ya nahodha wake kufariki, ingawa ingefanya hivyo pasingekuwapo wa kuilaumu. Wenzake, ambao baadhi yao walikuwa katika mbio zile zile siku ile, walirejea, wakazika, wakaomboleza, kisha wakapanda baiskeli, na mbio za Masai Mara zikaendelea kufanywa. Wapo waliosema wakati ule kwamba kuendelea ni ukosefu wa huruma. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni nyepesi: mtu aliyetumia miaka yake ya mwisho kuwafungulia wengine njia hafanyiwi huruma kwa njia hiyo kuachwa iote majani.

Ushirika si jambo la kufundishwa kwa watu wa mlima huu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao wa kwanza, wakati walowezi walipokuwa wakidai kwamba kahawa isilimwe na Mwafrika kwa kuwa hataweza kuitunza. Na mwaka 1933 chama hicho kikageuzwa kuwa KNCU, chama kikuu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa fahari ya bara zima na kilichosomesha vijana kwa fedha za buni. Hoja ya walowezi juu ya kahawa na hoja ya mabwana wa mbio juu ya baiskeli zimetoka katika ghala moja: hawajawa tayari, watauharibu mti, hawajui kuteremka. Na jibu lililotolewa na Merinyo na wenzake kwa hoja ile ya kwanza ni lile lile lililotolewa na Kinjah, Leong, Delagrange na Kangangi kwa hoja ya pili, yaani kutopoteza muda katika mabishano, kuanzisha chama, kuandika majina, kugawana zana, na kusubiri mavuno yaseme. Tafauti ni kwamba mkulima wa kahawa alikuwa na shamba lake mwenyewe chini ya miguu yake, hali mwendesha baiskeli alikuwa hana uwanja mpaka Amani ilipomletea.

Mavuno yamekwisha kusema kwa sauti ambayo Kangangi hakuisikia yote. Aliwahi kuuona mwaka 2022 ukianza, ambapo Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem mwezi wa Machi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio zile kongwe za siku moja. Hakuuona mwaka 2024, ambapo Girmay huyo alishinda hatua 3 za Tour de France na kuivaa fulana ya kijani mpaka mwisho. Wala hakuwapo mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanywa Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu yalipoanzishwa, na Wanyarwanda wakajaa kwenye vilima vile vile alivyovipanda mwaka 2017 akapata nafasi ya 3. Bingwa wa wanaume, Tadej Pogačar wa Slovenia, alisafiri kuja kwetu. Alizoea hewa yetu yeye, akapanda kilima chetu cha mawe yeye. Anayetaka kujua Kangangi na wenzake walikuwa wakitafuta nini katika Masai Mara mwaka 2021, na aitazame picha hiyo.

Hapa Tarakea bado hatuna timu. Tunao vijana wanaoshuka kutoka msituni na magunia ya viazi juu ya baiskeli zisizo na breki ya mbele, wakipunguza mwendo kwa soli ya kiatu, kwa ustadi ambao mwalimu wa Ulaya angeutazama kwa hofu na wivu. Tunayo lami ya kuwafikisha wageni kutoka Moshi kwa saa chache, na juu yake tunayo ile njia ya vumbi inayouzunguka mlima, Mawenzi ikiwa upande mmoja na Kenya upande wa pili. Mbio kama zile za Masai Mara zikianzia hapa zikatoka Rombo, zikavuka Illasit, zikapita Loitokitok na kurudi, zitahitaji muhuri wa serikali mbili, ridhaa ya wenye mifugo, gari la wagonjwa katika kila hatua, na mkataba wa bima ule niliousema. Chama cha Baiskeli Tanzania na wenzao wa Kenya wanaweza kuliketi jambo hili katika chumba kimoja kwa siku moja, na Loitokitok pana vyumba vya kutosha. Na kabla ya kuandika jina la mshindani wa kwanza, karani wao aanze na safu ya majina ya wake, waume na wazazi wa washindani, pamoja na namba za simu zao.